Kujiona feki: kwa nini mwanamke anayeijua biashara yake hujihisi tapeli

Kujiona feki ni hali ya mtu anayeiweza kazi yake, mwenye wateja na hesabu za kuthibitisha hivyo, lakini moyoni anaamini amefika hapo kwa kubahatisha na ipo siku ataumbuka. Wataalamu wa saikolojia huiita imposta sindromu. Usiichanganye na woga wa mtu anayeanza. Anayeanza ana haki ya kuogopa, kwa sababu kweli hajui. Huyu tunayemzungumzia anajua, ila ujuzi wake mwenyewe haumshawishi.

Hapa Dar es Salaam yupo kila mahali. Anapika keki za harusi Sinza na oda zimejaa hadi mwezi ujao, lakini akiulizwa anafanya kazi gani anajibu, "Nipo nipo tu nyumbani, nahangaika na vikeki." Ana duka la vitenge Kariakoo, mzigo anaagiza mwenyewe, na bado kwenye kikao cha wafanyabiashara anakaa nyuma kabisa akisubiri "wenyewe" waongee. Ana kampuni ya usafi iliyoajiri watu, halafu mteja mkubwa akipiga simu, simu anapewa kaka yake aongee.

Dhana yenyewe ilianzia Marekani. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili, Pauline Clance na Suzanne Imes wa Chuo Kikuu cha Georgia State mjini Atlanta, walichapisha makala kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofanya vizuri sana masomoni na kazini. Walikuwa na shahada, walikuwa na nafasi zao, wenzao waliwaheshimu. Hata hivyo walisadiki kwamba wamewadanganya watu wote hao. Clance na Imes hawakusema huu ni ugonjwa, na mpaka leo haumo kwenye orodha ya maradhi ambayo madaktari wa akili huitumia. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba hali hii huwapata hata wanaume. Kwa hiyo mtu asikuambie una matatizo ya akili kwa sababu unajishuku kabla ya kikao.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuielewa kwa mtu wa biashara. Ni daftari la mauzo ambalo kila shilingi inayoingia imeandikwa kwa jina la mtu mwingine, na kila hasara imeandikwa kwa jina lako. Mteja akirudi, ni kwa sababu ya dada aliyekuunganisha. Mzigo ukiisha, ni msimu wa sikukuu. Mzigo ukikwama, hapo sasa ni wewe, hujui biashara. Mwisho wa mwaka ukilifungua daftari hilo, lazima likuonyeshe mtu asiyefaa, hata kama duka limekua mara mbili.

Clance alieleza pia mzunguko unaoifanya hali hii isiishe yenyewe. Tuseme fundi cherehani wa Tandika amepata oda ya sare za shule nzima. Anaingiwa na hofu. Kuna njia mbili hapo. Ama anakesha, anafumua na kushona upya hata mishono ambayo hakuna atakayeiona, ama anaahirisha mpaka zimebaki siku chache ndipo anakimbizana. Sare zinafika, mwalimu mkuu anasifia. Aliyekesha anajiambia, "Nimeweza kwa sababu nilijiua na kazi, fundi wa kweli asingehangaika hivi." Aliyechelewa anajiambia, "Mungu kaniokoa, safari ijayo naumbuka." Tazama kwamba hakuna njia hata moja inayomfikisha mahali pa kusema naijua kazi yangu. Oda ya pili inapokuja, hofu inaanza upya, tena kubwa zaidi, kwa sababu sasa watu wanamtegemea. Ndiyo maana kuongeza mafanikio peke yake hakutibu.

Kwa wanawake wa kwetu kuna vitu viwili vinavyoikoleza. Kwanza, malezi. Msichana hufundishwa mapema asijitutumue. Akisifiwa, jibu la adabu ni "Ni Mungu tu", na mimi sina ugomvi na jibu hilo, kumshukuru Mungu ni haki yake. Tatizo ni pale mtu anapotoka mbele za watu, yuko peke yake na vitabu vyake vya hesabu, na bado haoni chochote alichofanya yeye. Unyenyekevu ni kujua ulichofanya ukaamua kutokukitangaza. Kujiona feki ni kutokukijua kabisa.

Pili, maneno ya mtaani. Mwanaume akifungua duka, watu huuliza anauza nini. Mwanamke akifungua, wanauliza nani kamfungulia. Kuna danga, kuna mzee fulani, kuna mume anayefanya kazi bandarini. Ukisikia hayo kwa miaka, hata wewe uliyeanza na mtaji wa mchezo wa kina mama unaanza kumtafuta huyo mfadhili ndani ya hadithi yako mwenyewe.

Usichunguze moyo, chunguza bei

Ukitaka kujua kama hali hii inakugusa, angalia bei zako. Chukua keki ya kilo mbili. Unga, mayai, siagi, sukari, krimu, boksi na ubao wake, tuseme shilingi 34,000. Gesi na umeme 3,000. Bodaboda hadi Mbezi 6,000. Jumla 43,000, na hapo hujahesabu saa tano ulizosimama jikoni. Mteja anauliza bei kwenye WhatsApp. Unaandika 70,000, unafuta, unaandika 60,000, kisha unaongeza "maelewano yapo" kabla hata hajaomba. Anajibu, "Dada punguza, si unapikia nyumbani?" Mnakubaliana 50,000. Umebaki na 7,000 kwa kazi ya saa tano, yaani 1,400 kwa saa, na wewe ndiye uliyeshukuru.

Punguzo hilo halikutoka sokoni. Hukumuuliza mpishi mwingine anauza ngapi. Ulishuka kwa sababu ulikuwa umeshajihukumu: mimi si mpishi wa kusomea, nani atanilipa 70,000? Mteja alikuwa anaomba apunguziwe tu, jambo ambalo mtu wa Dar huliomba hata kwenye fungu la nyanya. Wewe ukasikia anahoji kama unastahili kulipwa.

Hapa ndipo kujiona feki kunapokula mtaji, na ndiyo sababu naanza na bei kabla ya mambo ya kujitazama kwenye kioo na kujisemesha maneno matamu. Andika gharama za kila bidhaa kwenye karatasi, ukiwa umetulia, saa zako zikiwemo. Weka bei na weka kiwango ambacho hushuki chini yake. Mteja akiuliza, jibu moja linatosha: "70,000, pamoja na kuletewa." Bajeti yake ikiwa ndogo, badilisha keki, usibadilishe bei: kilo moja na nusu, au mapambo machache. Watakaoondoka wapo. Wengi wao ni walewale waliokuwa wanakuachia 7,000.

Pale ambapo si kichwa chako

Sasa tahadhari, maana dhana hii imeanza kutumika vibaya. Februari 2021, Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey waliandika kwenye jarida la Harvard Business Review wakipinga tabia ya kuwaambia wanawake kwamba wana imposta sindromu. Hoja yao ni kwamba mara nyingi mwanamke anajihisi mgeni mahali fulani kwa sababu mahali hapo panamfanya mgeni, halafu yeye ndiye anaambiwa akajitibu.

Nakubaliana nao zaidi ya nusu. Mwanamke anayeingia ofisi fulani na nyaraka za kampuni yake, akaulizwa "mwenye kampuni yuko wapi?", hana tatizo la kujiamini. Ana tatizo la huyo anayemuuliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtambua sawa na mwanaume. Lakini hati ya nyumba ikiwa kwa jina la mume, dhamana ya mkopo nayo iko mikononi mwa mume, na hofu ya kuomba mkopo hapo ina sababu yake halisi. Dawa ya hofu kama hiyo ni kuijua sheria, kuweka jina lako kwenye hati mpya, kuwa na kumbukumbu za mauzo zinazosomeka.

Vivyo hivyo kutokujua kweli. Kama hujui kuandaa hesabu za kodi, huko si kujiona feki, ni pengo la ujuzi, na linazibwa na mhasibu. Ninavyopima mimi: ushahidi unasema nini? Ushahidi ukisema huwezi kazi, basi jifunze. Ushahidi ukisema unaweza ila mlango umefungwa, tafuta kanuni inayoufungua. Mfano, Sheria ya Ununuzi wa Umma inazitaka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo. Ila ushahidi ukisema unaweza na mlango uko wazi, na bado kikundi chenu hakijajaza maombi kwa sababu "hayo ni ya wakubwa", hapo ndipo tunaongelea kujiona feki.

Kujiamini kunatoka wapi

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu kuwa anaweza jambo hutokana na vyanzo vinne: kulifanya akafaulu, kumuona mwingine anayefanana naye akilifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na namna mwili wake unavyojisikia wakati huo. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Maneno ya kutiana moyo ni dhaifu na huisha haraka.

Na sisi tumewekeza wapi? Kwenye maneno. Semina za "mwanamke jiamini" zimekuwa biashara nzuri jijini, ukumbi umepambwa, sare za rangi moja, picha, cheti. Unatoka umechangamka, Jumatatu mteja anasema punguza na unapunguza. Tena kwa anayejiona feki, semina inaweza kuwa maficho. Akimaliza hii ya masoko anataka ya uongozi, kisha ya fedha, kila mara akiamini bado kozi moja ndipo awe mfanyabiashara halali. Ana vyeti vinane na hajapandisha bei tangu aanze.

Kwa kuwa kufanya ndiko kunajenga, vunja jambo kubwa liwe dogo linaloweza kukamilika. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ni hatua yenye mwisho, na karatasi inatoka na jina lako. Anayetengeneza sabuni au viungo anaweza kuanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wamsaidie kufika TBS, shirika la viwango, bidhaa yake ikapimwe. Napenda sana alama ya TBS kwa watu wenye hali hii, maana maabara haina habari na bahati yako wala na nani alikuunganisha. Imepima sabuni tu.

Pamoja na hayo, sahihisha daftari. Kila wiki andika jambo moja lililoenda vizuri na ulichofanya wewe kulifanikisha, kwa vitendo: nilimpigia msambazaji mwingine, nilikataa mzigo wenye kasoro, nilibadilisha dereva. Usiandike "nilijitahidi". Hilo halishiki.

Chanzo cha pili cha Bandura nacho tunakitumia vibaya. Tunawaonyesha wanawake mabilionea na mawaziri. Vizuri, lakini anayekusaidia zaidi ni yule aliye hatua mbili mbele yako, mwenye watoto wa umri wa wako na mkopo kama wako. Bibi Titi Mohamed, ambaye barabara kubwa ya katikati ya jiji inaitwa kwa jina lake, alikuwa mwimbaji wa ngoma, wala hakuwa msomi. Mwaka 1955 alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar kwenye TANU, chama kilichopigania uhuru, alipitia humohumo kwenye vikundi vya ngoma, kwa watu waliomjua. Walimwona mwenzao anaweza kusimama jukwaani.

Clance na Imes nao walipendekeza vikundi, kwa sababu anayejiona feki huamini yuko peke yake hadi amsikie mwanamke anayemheshimu akisema yaleyale. Hapa Dar vikundi tunavyo tayari. Kasoro ya vikoba vyetu ni kwamba tunajua nani hajaleta rejesho, lakini hatujui mwenzetu anapangaje bei. Hisa zikihesabiwa, rejesho likisomwa, chai inaletwa na watu wanaondoka.

(Kama wasiwasi unakunyima usingizi kwa wiki nyingi au umepoteza hamu ya kila kitu, kikoba hakitoshi. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na kwenda huko si aibu.)

Jaribuni hili kwenye kikao kijacho. Kabla ya chai, kila mmoja aje na bidhaa moja, bei yake, na karatasi ya gharama. Asome kwa sauti, wengine waulize maswali. Mtagundua nani anauza kwa hasara, na pengine kwamba ni yule mliyekuwa mnamwogopa kwa kujiamini kwake. Atakayesema "mimi changu kidogo tu, tuanze na wengine", aanze yeye.