Usijikaze kwa ajili yangu: wanandoa waliofiwa na mtoto

Kuna takwimu inayorudiwa tangu miaka ya 1970, kwamba ndoa nane au tisa kati ya kumi huvunjika baada ya mtoto kufariki. Wanandoa wananiletea hata hapa Kigoma. Arobaini ya mtoto haijafika, tayari wanaogopa na talaka juu ya msiba. Takwimu hiyo haina msingi. Huko Marekani, chama cha wazazi waliofiwa kiitwacho The Compassionate Friends kiliwauliza wazazi mwaka 2006, na walioachana walikuwa kama asilimia 16 tu. Marekani si Ujiji, najua, lakini angalau tuache kutishana.

Wengi ninaowaona katika kazi yangu ya unasihi hawaachani. Wanaishi nyumba moja, wanakula, wanalea waliobaki, na aliyeondoka hatajwi. Mke mmoja aliniambia mumewe akiwa amekaa pembeni yake: "Huyu hata jina la mtoto halitaji." Mume akajibu, macho chini, "Nikimtaja utaanza kulia." Mke akasema, "Nalia hata usipomtaja." (Visa vyote humu nimevichanganya ili asitambulike mtu.)

Msiba wetu wenyewe huanza kuwatenga mapema. Baba yuko nje chini ya turubai na wanaume wenzake, anapokea rambirambi, anaulizia gari la kwenda makaburini na kama mchele utatosha. Mama yuko ndani kwenye mkeka, na kila anayeingia anaangua kilio upya. Kwenye familia nyingi za Kiislamu wanaume ndio wanaokwenda kuzika, mama anabaki nyumbani. Na kama ni kichanga, huenda kikazikwa siku hiyo hiyo, mama mwenyewe bado yuko wodini na mshono. Siku ya kuanua matanga wanarudi chumbani watu wawili ambao hawakuwa kwenye msiba mmoja. Mmoja ameliona kaburi, mwenzake hajui hata liko upande gani. Mmoja amelia mpaka sauti imekauka, mwenzake ameambiwa wiki nzima, "Baba, piga moyo konde, ukilegea wewe nani atamshika mwenzio?"

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba wanaume ni dogo: msimulie mkeo maziko. Nani alishuka kaburini, mtoto alivikwa nini, kaburi liko jirani na la nani, kuna mti gani karibu. Wanaume wengi hudhani wanamwepusha na maumivu wakinyamaza. Ninachokiona mimi ni kwamba mama asiyesimuliwa anajitungia picha zake mwenyewe usiku, na mara nyingi ni mbaya kuliko yaliyotokea.

Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, walieleza kwamba aliyefiwa huenda na kurudi kati ya pande mbili. Muda fulani yuko kwenye uchungu wenyewe: picha, nguo, kaburi, kumwota marehemu. Muda mwingine yuko kwenye maisha yanayomdai: ada, shamba, biashara, majukumu mapya. Pande zote mbili ni kuomboleza. Tabu ya wanandoa ni kwamba hawako upande mmoja kwa wakati mmoja. Jioni mke ameshika gauni la mtoto, mume anapanga taa na nyavu aende ziwani. Mke anaona: huyu kashasahau. Mume anaona: huyu atazama, na nikikaa naye tutazama wote.

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wamenifundisha hili vizuri kuliko darasa lolote. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, wanaume waliokuwa wakionekana imara walibaki nyumbani bila kazi, na wapo ambao majonzi ya miezi mingi yaliwaangukia kwa mkupuo. Kumbe kazi ndiyo ilikuwa imewashikilia. Wake zao walishangaa kuwaona wanalia wakati wao ndio kwanza wameanza kupata usingizi. Hapo utasemaje nani ameomboleza zaidi?

Mwaka 2013 kikundi cha akina Stroebe na Schut kilichapisha utafiti wa wanandoa 219 waliofiwa na mtoto, waliofuatiliwa tangu mwezi wa 6 hadi wa 20 baada ya kifo. Walipima jambo ambalo sisi tunalijua sana: kujikaza na kuficha majonzi ili kumlinda mwenzio. Ilionekana kwamba kadiri mtu alivyojikaza zaidi kwa ajili ya mwenzake, ndivyo majonzi yake mwenyewe yalivyokuwa mazito zaidi, na ya huyo anayelindwa pia. Kulinda huku hakumlindi mtu. Anayejikaza anachoka, na anayefichwa hajui kwamba anafichwa, anachoona ni ubaridi.

Simwambii mtu alie kwa nguvu. Wapo wasiolia, na hawana ugonjwa wowote. Ninachotaka ni mtu aseme yuko wapi. "Leo nimeamka vibaya." "Leo siwezi kuongea, kesho nitaweza." "Naenda ziwani, lakini nimemkumbuka." Watenge muda mfupi, watoto wakishalala, mmoja aseme, mwenzake asikilize bila kumnyamazisha wala kumpa ushauri. Kwa nyumba za wavuvi nashauri siku za mbalamwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na ndizo usiku ambao baba yupo.

Yapo mambo ya mwili ambayo wanaume hawaambiwi. Mama aliyezaa mtoto akafariki hutokwa na maziwa kama kawaida, kwa kawaida kati ya siku ya 2 na ya 4. Matiti yanajaa, yanauma, kanga inalowa, na mtoto hayupo. Nimeona mume akimuuliza mkewe kwa nini amerudi kulia wakati jana alikuwa ametulia. Sidiria inayoshika vizuri, kitambaa cha maji baridi na kukamua kidogo tu ili kupunguza mkazo husaidia. Homa ikipanda au titi likiwa jekundu, aende kituo cha afya. Tendo la ndoa nalo linavunja wengi moyo: kwa mmoja ni faraja, kwa mwingine ni kama kumsaliti marehemu, au anaogopa mimba. Hakuna aliyekosea. Liongeleeni mchana, mkiwa mmevaa.

Kuhusu kazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Mama ambaye mtoto wake amefariki kabla ya mwaka kutimia tangu azaliwe ana haki ya siku 84 nyingine za uzazi. Baba harudishiwi chochote zaidi ya zile 4, na mwendesha bodaboda hana hata hizo. Sheria inaonekana kuamini msiba wa mtoto ni wa mama.

Lawama ndiyo inayonitisha kuliko yote. "Ungempeleka mapema." "Ile dawa ulimpa ya nini?" Na ndugu wakiingia, wanakuja na majina ya wachawi, na mara nyingi wa kwanza kushukiwa anatoka upande wa mke. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Malaria, nimonia, kuzaliwa njiti, kushindwa kupumua wakati wa kuzaliwa: hayo hayahitaji jirani mwenye kijicho. Waombeni waganga wenu wa hospitali wawaelezee chanzo cha kifo, mkiwa wawili, msikie maneno yale yale. Anayesema "mtazaa mwingine" mwitikieni pole yake na mumpe chai.

Shirika la Afya Duniani linatambua majonzi yaliyopitiliza kuwa tatizo la kutibiwa yakiendelea kwa nguvu zaidi ya miezi 6, yakavuka desturi za jamii husika na kumzuia mtu kuishi. Lakini anayesema anataka kumfuata mtoto, asiyekula wala kulala, au aliyeanza kulewa kila siku, asisubiri miezi. Mpelekeni hospitali mkaulize kitengo cha afya ya akili, au muoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nendeni wawili. Mmoja akikataa, mwingine aje peke yake. Mara nyingi yule wa pili hufuata baadaye.