Kusikiliza Mawaidha Si Kusoma: Dhana Potofu Kuhusu Darsa za Mtandaoni

Korosho zikishauzwa mnadani na malipo yakaingia, vijana wengi wa huku kwetu Mtwara hununua simu janja. Haupiti muda wanakuja chuoni, yaani madrasa, na maneno yale yale: "Ustadh, mimi siku hizi nawasikiliza sana mashekhe mtandaoni. Misingi ya dini ninayo, nataka nianze tafsiri ya Qur'ani." Nimeyasikia kwa vijana wa Shangani, kwa kina mama wa Mikindani, hata kwa wazee wenye wajukuu. Nafundisha misingi msikitini na nafundisha kwa simu, kwa hiyo sina ugomvi na mtandao. Ugomvi wangu ni na dhana hii, kwamba ukisikiliza sana umesoma.

Mawaidha ni kitu chema. Yanalainisha moyo na kumkumbusha aliyesahau, lakini asiyejua hayamfundishi, kwa sababu anayewaidhi hakusikii wewe. Hajui kwamba ukifika katikati ya Alhamdu, yaani Suratul Fatiha, unasema "iyaka" mahali pa "iyyaka". Sura hiyo ina shadda 14, yaani alama za kukaza herufi, na kwa madhehebu yetu ya Shafii kuisoma ni nguzo katika kila rakaa. Ukiangusha shadda umeangusha herufi, na ukiangusha herufi kisomo chako hakijatimia. Kosa hili nakutana nalo karibu kila ninapopokea mwanafunzi mtu mzima. Wenye nalo si watu wasiosikia Qur'ani. Wamewasikiliza wasomaji wakubwa wa Makka na Misri usiku na mchana. Ila ulimi umeshazoea njia yake tangu utotoni, na sikio limezoea kuuamini. Ninapomwambia mtu arudie polepole, "iy-ya-ka", akaukaza ulimi kwenye ya, mara nyingi hushtuka. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsimamisha.

Wasioniamini nawakumbusha hadithi ya Abu Huraira iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Mtu mmoja aliingia msikitini, akaswali, akaja kumsalimia Mtume, rehema na amani zimshukie. Akaambiwa: rudi ukaswali, kwani hujaswali. Akarudi, akaswali vile vile, na ikawa hivyo mara tatu, mpaka akasema kuwa hajui kufanya vizuri zaidi ya hapo, basi afundishwe. Ndipo akafundishwa kusimama, kusoma, kurukuu mpaka atulie, kuinuka mpaka anyooke, kusujudu mpaka atulie. Mtu yule aliamini swala yake iko sawa. Kosa lilijulikana kwa kuwa alitazamwa. Na Mtume mwenyewe kila Ramadhani alikuwa akipitia Qur'ani na Jibrili, na mwaka aliofariki aliipitia mara mbili. Ikiwa yeye alikuwa na wa kumsomea, mimi na wewe tunaachaje?

Halafu kuna maswali yanayomwonyesha mtu alipo. Faradhi za udhu ni ngapi? Ni 6. Nguzo za swala? Katika Safina, kitabu ambacho wengi wetu wa pwani tumeanzia, zimeorodheshwa 17. Umesahau tahiyatu ya kwanza ukasimama wima, unafanya nini? Unaendelea na swala yako, na kabla ya salamu unaleta sijida ya kusahau. Umesahau rukuu? Hapo sijida peke yake haitoshi, kwa sababu hiyo ni nguzo na lazima uilete. Msikilizaji wa mawaidha wa miaka mitano hukwama kwenye swali hili la mwisho. Mtoto aliyemaliza Safina mbele ya mwalimu halimsumbui.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila anayetaka kusoma kwa simu ni huu, na siuchoki: kitabu kimoja, mwalimu mmoja, mpaka ukurasa wa mwisho. Nunua kaunta buku, uandike kwa mkono wako. Na kila wiki umtumie mwalimu sauti yako ukisoma, sio ujumbe wa "nimeelewa ustadh". Kama mwalimu wa mtandaoni hana nafasi ya kukusikiliza hata mara moja kwa wiki, mtafute mwingine.

Upande wa pili wapo wanaosema darsa la simu halina baraka, elimu ni ya mkekani tu. Hawa nawaheshimu kwa adabu yao ya elimu, lakini hawako sawa. Mwanafunzi aliye Newala anayesoma aya kwa simu, mwalimu akamkatisha, akamrudisha, akarudia mpaka ikanyooka, amesoma. Aliyekaa mkekani nyuma ya nguzo akisinzia mwaka mzima bila kusomeshwa hata mstari hajasoma. Yapo ya kuja kwa miguu yako, hilo sikatai. Kuosha maiti na kukafini usijidai umejifunza kwa video. Nenda usimame na wanaoosha. Na herufi kama dhwadi, kama inakushinda kwa sauti, washa kamera mwalimu akuone mdomo, ikishindikana njoo.

Dhana nyingine inazidi kukua: kwamba shekhe ni shekhe, fatwa yoyote uchukue popote. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kuwa watu wake ni Mashafii, na mpaka leo vitabu vinavyosomeshwa katika vyuo vingi vya pwani hii ni vya madhehebu hayo. Mtandao haukuulizi madhehebu. Mvuvi anachomwa na ndoana, damu inamtiririka. Anakumbuka kwa Shafii damu hiyo haitengui udhu. Sawa. Akifika nyumbani mkono wake unagusana na wa mkewe. Kwa Shafii udhu umetenguka, lakini yeye ameona klipu ya shekhe wa madhehebu ya Hanafi anayesema kumgusa mke hakutengui. Anakwenda kuswali. Kwa Shafii hana udhu kwa sababu ya kule kugusa, na kwa Hanafi hana udhu kwa sababu ya damu. Ameswali swala ambayo imamu wa huku haikubali na wa kule haikubali. Madhehebu yote manne ni ya haki. Anayeanza misingi anatakiwa ashike moja lililo na walimu karibu naye, amalize, kisha ndipo ajue hitilafu.

Zaka ya korosho nayo. Kuna anayetoa moja ya kumi ya korosho kwa sababu amesikia "zaka ya mazao" kwenye video, na kuna asiyetoa chochote kwa sababu amesikia korosho hazina zaka. Kwa Shafii zaka ya mazao iko kwenye chakula kikuu kinachowekeka ghalani, kama mahindi, mtama na mpunga, pamoja na tende na zabibu. Kiwango chake cha chini ni wasaki 5, kipimo cha kale cha ujazo, kilo 650 hivi kwa hesabu inayotumika sana. Moja ya kumi kwa kilichomea kwa mvua, nusu yake kwa kilichomwagiliwa kwa gharama. Korosho na ufuta havimo. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, anaviingiza, na wapo wanazuoni wa zama hizi waliomfuata, kwa hiyo aliyetoa amefanya heri. Lakini fedha za korosho ni jambo jingine kabisa. Zikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu, zikakaa kwako mwaka mzima wa Kiislamu bila kushuka chini ya hapo, unatoa asilimia 2.5. Kwa hilo hakuna pa kukimbilia. Andika tarehe ya Kiislamu malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yalipoingia benki, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha mwaka umetimia lini.

"Tafuteni elimu hata Uchina" inasambazwa kila wiki kama hadithi ya Mtume. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha, na Ibn al-Jawzi aliiweka kabisa miongoni mwa zilizozushwa. Na ule ujumbe wa "tuma kwa watu kumi utapata habari njema" hauna asili yoyote. Ufute.

Wengine wanaona haya: misingi ni ya watoto, mtu mzima ataanzaje na alifu na bei? Masahaba wengi walisilimu wakiwa watu wazima na wakaanza mwanzo. Kina mama nawasomea maneno ya Bibi Aisha, aliyewasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Kwenye simu hata haya yenyewe inapungua, anayekusikia ni mwalimu peke yake.

Na wanaosema bando ni ghali, kweli video inakula bando. Ila sauti ya dakika moja ya WhatsApp haifiki MB moja, na Alhamdu pamoja na Kul-huwallahu zinaenea humo. Mwenye kitochi apige simu kawaida baada ya Isha. Ninao wanaosoma hivyo kutoka Tandahimba na Nanyamba, na kisomo chao kinanyooka vile vile.