Kioo cheupe kama maziwa: kusoma makosa ya jelatini ya daikromati

Masika iliyopita nilipaka jelatini kwenye vioo 12 vya hologramu, yaani picha zenye kina zinazonaswa kwa leza, na vyote 12 vilitoka vyeupe kama vimechovywa kwenye maziwa. Nilianza kwa kuilaumu leza. Nikapangua meza nzima, nikakaza kila skrubu, nikarudia kuvipiga mwanga wa leza saa nane usiku magari yalipokwisha barabarani. Maziwa yaleyale. Siku ya nne ndipo nikakubali kwamba leza haina kosa: jelatini yangu ilikuwa mbichi.

Tangu hapo natumia maneno ya jikoni kwa kazi hii. Utando wa jelatini huwa mbichi, umeiva, au umepitiliza. Ukijua uko wapi kati ya hayo matatu, umeshajua nusu ya dawa.

Jambo lenyewe ni la zamani. Talbot, Mwingereza mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, aligundua mwaka 1852 kwamba jelatini yenye daikromati, ambayo ni chumvi ya kromiamu, hugoma kuyeyuka ikishapigwa mwanga. Shankoff wa maabara za Bell za Marekani akaileta kwenye hologramu mwaka 1968. Mwanga wa buluu hubadili kromiamu, na hiyo iliyobadilika ndiyo inayozifunga nyuzi za jelatini pamoja. Palipopata mwanga panakaza, pasipopata panabaki laini. Kwenye hologramu ya kuakisi, ile inayoonekana kwa mwanga unaorudishwa na kioo, iliyopigwa kwa leza ya nanomita 457, matabaka hayo magumu na laini hupishana kila mikroni 0.15 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ukiosha kwa maji, laini huvimba kuliko gumu. Ukikitia kioo kwenye spiriti ya isopropili, maji huvutwa ghafla na tofauti ile inabaki palepale. Tofauti hiyo ndiyo picha.

Sasa, utando wote ukiwa laini mno, yaani mbichi, spiriti inapovuta maji jelatini haihimili, inachanika ndani kwa ndani na kuacha vitundu vinavyotawanya mwanga. Hayo ndiyo maziwa. Ukiwa mgumu wote, yaani umepitiliza, hakuna kinachovimba: unapata kioo kisafi kabisa kisicho na picha, au chenye picha hafifu ya buluu unayoiona kwa pembe moja tu halafu inakupotea.

Vioo vyangu vya masika nilivipaka asubuhi nikavipiga jioni ileile, vingali na unyevu. Kwa hasira nikafanya kinyume: nikapaka vingine 6 nikaviacha kabatini siku tisa. Vikatoka visafi, na bila picha. Daikromati haisubiri mwanga ili ifanye kazi. Hata gizani totoro inaendelea kukaza polepole, na joto na unyevu wa pwani huiharakisha. Kabati langu lilikuwa jiko.

Kipimo ninachotumia ni gramu 8 za jelatini ya ng'ombe yenye bloomu 250 (kipimo cha nguvu ya jelatini), gramu 2 za amoniamu daikromati na mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Ile jelatini ya pakiti yenye rangi na ladha ya stroberi iache madukani. Loweka jelatini kwenye maji baridi nusu saa, kisha iyeyushe sufuria ikiwa ndani ya maji moto, nyuzi 50 hivi. Ikichemka nguvu zake zimekwisha. Dada yangu alipita siku moja akauliza kama napika faluda. Nikamwambia faluda hii inaleta saratani, na sikuwa namtania: kromiamu hii ni sumu kweli, kwa hiyo glavu kila mara, vyombo vya peke yake visivyorudi jikoni, na unga wake usipeperuke hata kidogo. Mabaki nayamwagia vitamini C mpaka rangi ya chungwa igeuke kijani, ndipo nayaweka kwenye dumu lake. Hayaendi kwenye sinki.

Mililita 2.5 za mchanganyiko huo kwenye kioo cha sentimita 10 kwa 10 huacha utando wa mikroni kama 15 ukishakauka. Naukaushia juu ya kipande cha marumaru nilichokisawazisha kwa pima maji ya fundi mwashi. Picha ikiwa na rangi moja upande huu na nyingine upande ule, rudi kwenye pima maji kabla hujagusa kitu kingine. Utando ukibanduka pembeni wakati wa kuosha, kioo kilikuwa na mafuta; kabla ya kupaka kimwagie maji, yakitandaa sawa ni kisafi, yakijikusanya matone kirudishe kwenye sabuni. Ukiona manyoya ya njano kama baridi iliyoganda ndani ya friza, daikromati imezidi na imejitenga na jelatini. Punguza.

Kwa ubichi na kupitiliza, usibahatishe. Mimi huchukua kioo kimoja kilichokauka na kulala usiku mmoja kwenye boksi lenye silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, nikakikata vipande vinne. Cha kwanza hakiingii kwenye oveni, vingine vinakaa dakika 5, 10 na 20 kwa nyuzi 90. Vyote napiga kwa muda mmoja, naosha pamoja, napitisha kwenye spiriti ya asilimia 50, 75, kisha 100 ya moto. Spiriti hii inawaka, kwa hiyo naipashia ndani ya maji moto na jiko limezimwa. Mara nyingi cha kwanza ni maziwa, cha mwisho ni buluu hafifu, na katikati kuna kimoja cha dhahabu kinachokufanya usahau umeshinda njaa.

Kilichopitiliza usikitupe. Kirudishe kwenye maji yenye joto nyuzi tano zaidi ya mwanzo, kisha spiriti tena. Kinavimba zaidi, mng'ao unaongezeka na rangi inasogea kutoka buluu kwenda kijani na dhahabu. Nimewahi kukirudisha kioo kimoja mara tatu. Kibichi ndicho kigumu kuokoa, maana kilichochanika hakishoni.

Halafu kuna kosa ambalo si kosa. Unakitoa kioo kwenye spiriti ya moto, kinang'aa, unamwita mtu aje kuona, na akifika picha imeanza kufa kuanzia pembeni. Hewa yetu ina maji, na jelatini inayanywa. Draya ya nywele huirudisha mara nyingi, ila usiishie hapo. Kwangule utando milimita 6 kuzunguka ukingo wote hadi kioo kitupu, kikaushe kwenye oveni, kisha kibandike na kioo cha pili kwa gundi ya epoksi. Bila ukingo huo, unyevu hupenya taratibu kupitia jelatini yenyewe, chini ya gundi. Ninacho kimoja cha namna hiyo ukutani, chenye picha ya sarafu kuukuu. Kona nilipokwangua vibaya kuna doa lisilo na picha, sasa ni kubwa kama ukucha wa kidole gumba.