Mwenzako wa kazini anapokuomba muungane LinkedIn

Ninawashauri watu kuhusu ajira, na swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu mshahara wala usaili, bali LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi ambako watu huungana kwa kutumiana mialiko. Mtu hunisogelea baada ya mkutano, anashusha sauti, ananionyesha simu: "Msimamizi wangu ameniletea mwaliko LinkedIn. Nifanyeje?" Siku nyingine si msimamizi, ni mwenzake wa idara ya mauzo anayependa kujua mambo ya watu. Wasiwasi ni uleule. Nikikubali ataanza kunichungulia, nikikataa tutatazamanaje kesho?

Huwa ninamjibu: kubali, ila kabla ya kulala pitia mipangilio ya akaunti yako.

Sababu ya kukubali haihusu kazi mnayofanya sasa. Mtu wa meza ya jirani hana cha kukupa kupitia LinkedIn ambacho hawezi kukuambia mkipishana koridoni. Thamani ya muunganisho huo itaonekana siku mtakapokuwa hamfanyi kazi pamoja tena. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alionyesha kwamba habari za nafasi za kazi huwafikia watu kupitia wale wanaofahamiana nao kwa mbali, zaidi ya marafiki wa karibu, kwa kuwa marafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Mwaka 2022 jarida la Science likachapisha utafiti uliohusu watumiaji wa LinkedIn wapatao milioni 20 katika kipindi cha miaka mitano. Utafiti huo uliongeza jambo ninalolipenda sana: waliosaidia zaidi watu kuhama kazi walikuwa wa kati, si wa karibu mno wala wa mbali kabisa. Nikisoma hayo namwona yule mliyefanya naye mradi mmoja miaka minne iliyopita, mkaagana vizuri, na sasa yuko kampuni nyingine. Kama mwaliko wake uliuacha mlipokuwa ofisi moja, leo utampatia wapi?

Hofu ya kuchunguliwa nayo ni ya kweli, na siipuuzi. Ukikubali mwaliko, mwenzako anaona orodha ya watu uliounganishwa nao, isipokuwa uwe umeifunga. Nilimshauri dada mmoja aliyekuwa anatafuta kazi kimyakimya. Kwa wiki moja aliunganishwa na maafisa ajira watano, wote wa kampuni inayoshindana na mwajiri wake. Mwenzake mmoja alikuwa anapitia orodha yake akimtafuta mtu mwingine kabisa, akaona yale majina, akayataja kwenye mazungumzo ya kawaida. Bosi alipata habari kabla hata usaili wa kwanza haujapangwa. Dada huyu hakuwa amemwambia mtu neno.

Orodha hiyo inafungwa kwenye mipangilio ya faragha, chini ya dakika moja. Ila jua kwamba hata ukiifunga, watu mnaofahamiana nao nyote wawili wataendelea kuonekana. Kama mwenzako naye ameunganishwa na afisa ajira yuleyule, atakuona.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaufikirii: machapisho unayoyapenda na kuyatolea maoni. Unapobofya alama ya kupenda chini ya tangazo la kazi la kampuni nyingine, tangazo hilo linaweza kutokea kwenye kurasa za watu wako, jina lako likiwa juu yake. Mipangilio haitakusaidia hapa. Kampuni ikikuvutia na hutaki ijulikane, soma machapisho yake na uondoke bila kugusa kitu.

Vivyo hivyo ukimtembelea mtu kwenye wasifu wake, kwa kawaida anaonyeshwa jina lako. Unaweza kuchagua kutembelea bila jina, ila kama unatumia akaunti ya bure, nawe hutaona ni nani waliokutembelea. Mimi nikiwa katika kutafuta nakubali hasara hiyo.

Alama ya kuonyesha kwamba uko tayari kwa kazi mpya ina sura mbili. Ile ya duara la kijani kwenye picha inaonekana na kila mtu, bosi akiwemo. Ya pili inaonyeshwa kwa wanaotafuta wafanyakazi tu, na LinkedIn hujitahidi kuwaficha wale wa kampuni yako, lakini wenyewe wanasema hawawezi kukuhakikishia siri kamili. Mtu ambaye kazi yake iko mashakani ninamshauri asiiwashe hata hiyo ya pili.

Tuje kwa yule ambaye tayari umeunganishwa naye na amekuchosha. Anaandika kila siku, anajisifu, au anaendeleza mtandaoni mabishano ya ofisini. Haraka ya wengi ni kumwondoa. Tafadhali usifanye hivyo kwa hasira. LinkedIn haimpelekei taarifa ukimwondoa, hilo ni kweli. Lakini kama aliwahi kukuandikia pendekezo, yaani maneno ya kuisifia kazi yako kwenye wasifu wako, au kuthibitisha ujuzi wako, vyote hivyo vinafutika pamoja na muunganisho, na havirudi hata mkiungana upya. Nimemwona mtu akipoteza pendekezo zuri la aliyekuwa kiongozi wake kwa ugomvi wa wiki moja. Acha kumfuata tu. Mtabaki mmeunganishwa, maandishi yake hayatakufikia, na hatajua.

Anayekusumbua, anayekutumia ujumbe wa kukudhalilisha au kukufuatilia nje ya kazi, huyo si wa kuacha kumfuata. Hifadhi picha za ujumbe wake kwanza, kisha mzuie na umripoti. Hapo sijali pendekezo gani litapotea, wala huna deni la adabu kwake kwa sababu tu mnalipwa na kampuni moja.

Kwa wanaosimamia wengine nina ombi. Mimi sikuwahi kumtumia mwaliko mtu niliyemsimamia. Nilisubiri anitumie yeye. Mwaliko wa bosi ni vigumu kuukataa, na anayeukubali kwa kuogopa hajaukubali. Hali kadhalika kwa mwombaji kazi ambaye usaili wake bado haujaisha: subiri uamuzi utoke, maana mwaliko wako utasomwa kama ahadi.

Lililobaki limewagharimu watu wengi ninaowajua. Je, akaunti yako imesajiliwa kwa barua pepe ipi? Kama ni ya ofisini, na nywila umeisahau, siku utakayoondoka kazini akaunti itabaki huko. Nilihangaika na bwana mmoja karibu mwezi mzima tukijaribu kurudisha akaunti aliyoijenga kwa miaka tisa, kwa sababu kiungo cha kubadilisha nywila kilikuwa kinakwenda kwenye barua pepe iliyokwishafungwa na mwajiri wake wa zamani. LinkedIn inakuruhusu kuweka anwani zaidi ya moja. Weka yako binafsi leo, na uifanye iwe ya kwanza.

Nywila nayo usimpe mtu, hata msaidizi wako. Huko Pennsylvania, Marekani, kiongozi mmoja wa kampuni aliachishwa kazi mwaka 2011, na waliokuwa na nywila yake wakaingia kwenye akaunti, wakaibadilisha, wakaweka jina na picha ya aliyechukua nafasi yake. Mwaka 2013 mahakama ilikubali kwamba jina lake lilitumiwa isivyo halali, lakini hakupewa fidia yoyote. Upande wa pili, mwaka 2008 mahakama kuu ya Uingereza ilimwamuru aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya ajira atoe kumbukumbu za watu wa kibiashara aliounganishwa nao LinkedIn alipokuwa kazini. Kwa hiyo wateja wa mwajiri wako si sawa na wenzako wa ofisini. Kabla ya kuwaalika kwa wingi, soma mkataba wako unasemaje kuhusu wateja baada ya kuondoka.

Mialiko mingi ninayoituma mwenyewe huwa ni ya wiki ya mwisho kazini, orodha ya wafanyakazi ikiwa bado iko mbele yangu. Naanza na wale nitakaowasahau majina: fundi wa kompyuta aliyeniokoa usiku wa ripoti, mhasibu wa tawi jingine niliyeongea naye kwa simu tu. Akaunti za bure zina kikomo cha mialiko yenye ujumbe kwa mwezi, kwa hiyo ujumbe huo nawawekea hawa. Naandika mistari miwili, nikitaja kazi tuliyoifanya pamoja. Akikubali, mistari hiyo inabaki juu ya mazungumzo yetu, na siku mmoja wetu atakapomtafuta mwenziwe, hata baada ya miaka mitano, ataikuta palepale.