"Si mlisema kingo ni safi?"

Juzi tena, ndugu wa mgonjwa wa kansa ya mdomo kasimama mlangoni kwa maabara na majibu mawili, la siku ya operesheni linasema kingo safi, yaani pembezoni mwa nyama iliyokatwa hakuna kansa, la pili linasema kansa iko milimita 2 tu kutoka ukingoni. "Si mlisema safi? Mbona mnatuchanganya?" Hili swali nimelichoka jamani.

Jibu la kwanza ni la kile kipimo cha haraka, mgonjwa bado amelala thieta, ni hivi: nyama inaletwa, tunaigandisha kama nyuzi 20 chini ya sifuri, tunakata kipande chembamba kuliko unywele, tunapaka rangi, darubini, halafu simu thieta, yote hayo dakika kama 20. Sasa kwa dakika 20 utaupitia ukingo mzima saa ngapi? Tunachukua sehemu zinazotutia wasiwasi, na jibu ni la hizo sehemu tu basi. Halafu barafu nayo inaharibu seli, hazionekani vizuri. Mfupa wa taya ndo kabisa, haukatiki hivyo, lazima ukae kwenye asidi siku kadhaa mpaka ulainike. Nyama iliyobaki inaingia formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, inazamishwa kwenye nta, inakatwa kwa utulivu, na hiyo ndo ripoti ya mwisho, ya siku kadhaa au zaidi ya wiki. Usihame mji wala kutangaza umepona kabla hujaiona. Ikionyesha kansa imegusa ukingo, watakurudisha thieta au utapelekwa mionzi, mara nyingi na dawa za kansa juu yake.

Na "safi" ina kipimo chake. Kwa kawaida ni milimita 5 na kuendelea za nyama isiyo na kansa kati ya kansa na ukingo, chini ya hapo tunaandika iko karibu, ikiwa chini ya milimita 1 wengi wetu tunahesabu bado ipo. Ukumbuke nyama ikishakatwa inasinyaa, ndo maana anayepasua anakata na sentimita nzima au zaidi ya nyama inayozunguka uvimbe. Kwa hiyo wale wa "kidonda kilikuwa kama punje ya mahindi, mbona ulimi umekatwa hivyo", jibu lenu ndo hilo.

Kwamba kisu kinaitawanya kansa, hapana. Mnaoahirisha operesheni kwa hofu hiyo ndo mnaoipa nafasi ya kufika shingoni.

Na kingo safi siyo ruhusa ya kurudi kwenye sigara au ugoro, mdomo uliobaki umekula tumbaku hiyohiyo miaka yote. Wala hazisemi chochote kuhusu tezi za shingo, zile zina ripoti yake.

Nanyi wenzangu wa thieta, leteni nyama nzima ikiwa na uzi wa alama, mbele wapi na juu wapi, siyo vipande vidogovidogo mmebandua kidondani havina hata jina, maana nikikuta kansa kwenye kimoja nawapigia simu niwaambie mkaongeze kukata wapi?