"Wi-Fi pekee" haiokoi bando la hotspoti

Wengi hapa Arua huamini kwamba masasisho ya kompyuta yakiruhusiwa kwa Wi-Fi tu, bando liko salama. Si kweli. Ukiwasha hotspoti ya simu, kompyuta kwa kawaida inaona Wi-Fi kama nyingine yoyote. Haijui kwamba nyuma yake kuna GB moja uliyoinunua asubuhi. Juzi nilikuwa natuma barua pepe moja tu, kiambatisho kikagoma kwenye asilimia 40. Kumbe kompyuta ilikuwa inajipakulia mafaili yake kimyakimya, na bando ndiyo hiyo imekwisha.

Kuzima masasisho kabisa nako ni kujitafutia balaa. WannaCry, ile programu hasidi ya Mei 2017 iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipenya kupitia tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, tangu Machi. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya Wi-Fi, chagua hotspoti yako, kisha washa "Metered connection", yaani mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Masasisho mengi yatasubiri. Viraka vyenyewe vya Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, kwetu ikiwa usiku. Wiki hiyo tafuta Wi-Fi ya ofisini, upakue vyote kwa mkupuo.