Kwa nini TV yako ina menyu ya siri?

Je, wajua kwamba rangi za TV yako zilipangwa kwa namba kiwandani, na namba hizo bado zimo ndani yake, mahali ambapo menyu ya kawaida haifiki? Mafundi hupaita menyu ya sevisi. Hufunguliwa kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu: kwa TV nyingi za Sony za chogo, unaizima kwa rimoti, kisha unabonyeza haraka Display, 5, kitufe cha kuongeza sauti na Power. Hapo hujitokeza vifupisho na namba tupu, bila maelezo yoyote.

Menyu hii ipo kwa sababu hakuna vioo viwili vinavyotoka kiwandani vikiwa sawa kabisa. TV mbili za modeli moja, kioo cha moja huegemea bluu, cha nyingine wekundu, na kila kimoja lazima kirekebishwe peke yake. Kwenye TV za chogo kazi ilikuwa nzito zaidi, maana hata urefu wa picha na kupinda kwa kingo zake vilinyooshwa humo humo.

Kwenye TV bapa, kiini cha kazi ni weupe. Weupe unaolengwa huitwa D65, takriban kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha joto la rangi, yaani kama weupe umeegemea ubluu au uwekundu). Nyekundu, kijani na bluu kila moja ina vipimo viwili: kimoja hutawala sehemu angavu, kingine sehemu za giza. Unaweka kwenye kioo picha ya kijivu kilichofifia, cha asilimia 20 au 30 ya njia kutoka nyeusi hadi nyeupe, na kupunguza rangi iliyozidi. Unahamia kijivu cha asilimia 80, unafanya vivyo hivyo. Ukirudi kwenye kile cha kwanza utakuta kimesogea, kwa kuwa vipimo hivyo huvutana, basi unakwenda na kurudi mpaka vyote vitulie.

Usitegemee macho. Ukikaa kidogo mbele ya picha yenye ubluu, ubongo unaizoea na kuiona nyeupe. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii hutumia kifaa cha kupima rangi, hukielekeza kwenye kioo, na huiacha TV iwake nusu saa kwanza ipate joto. Na ndiyo maana kunakili namba za TV ya mtu mwingine ni kosa, hata kama modeli ni ileile: namba zile zilitibu kasoro za kioo chake, si za kioo chako.

Hatari kubwa haiko kwenye rangi. Menyu hiyohiyo mara nyingi hubeba namba inayoiambia TV aina ya kioo ilichofungiwa. Ukiigusa kimakosa, picha inaweza kupinduka juu chini, au kioo kikawa cheusi huku sauti ikiendelea, na menyu ya kurekebishia nayo huioni tena. Piga picha kila ukurasa kabla ya kubadilisha chochote.

Kwa maoni yangu, wengi hawana haja ya kufika huko. Toa TV kwenye hali ya kung'aa sana, weka hali ya sinema na joto la rangi la vuguvugu, kisha tazama mipangilio ya ziada: TV nyingi za sasa zimeweka vipimo vilevile vya weupe kwenye menyu ya kawaida, pamoja na kitufe cha kuvirudisha vilivyokuwa.